Tawi la Ujumbe Usioeleweka

Marehemu mume wangu aliandika programu ya kuwajibu wakulima wa Lushoto kwa ujumbe wa simu, kuhusu magonjwa ya mazao. Katikati yake kuna njia panda yenye matawi mengi. Mkulima akiandika kabichi, programu inafuata tawi la kabichi. Akiandika viazi, tawi la viazi. Ujumbe usiolingana na tawi lolote huangukia la mwisho, na hilo hujibu: "Sijakuelewa. Niandikie tena, nipo."

Baada ya mazishi, kazi hiyo ikabaki kwangu. Asubuhi moja yenye ukungu nilikuwa napanga upya matawi, nikagundua kwamba kuna namba inayoangukia lile la mwisho kila siku. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, kule Mgwashi.

"Mwanangu, umeamkaje?" alikuwa ameandika.

"Sijakuelewa. Niandikie tena, nipo."

Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hiyo inayokujibu ni mashine tu."

"Najua," akasema taratibu. "Lakini maneno aliandika nani?"

"Aliandika yeye."

"Basi usiyaguse."

Sikuyagusa. Nimeongeza tawi la karoti na la pilipili hoho, nikayaweka juu ya lile la mwisho. Ila kila asubuhi nikiwasha kompyuta huwa nasita kidogo kabla ya kusoma ujumbe wa wakulima, maana mama huwa ameshatangulia kuandika, na ameshajibiwa.