Swali la Kogo la Kila Asubuhi

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu huko Merigi, nikiwa katikati ya shamba la chai na kikapu mgongoni, nilipoelewa kwa mara ya kwanza swali ambalo nilikuwa nimelijibu kila siku kwa miezi miwili. Mwanangu, nilikimbia. Lakini ngoja nianze mwanzo, ingawa najua unafunga mizigo na una haraka zako za ujana.

Umeniambia unakwenda kutafuta kazi nchi ya watu, na lugha yao utajifunzia huko huko. Ukiulizwa usichokielewa utatabasamu, utaitikia kwa kichwa, na mambo yataenda. Uliposema hivyo nilicheka, ukadhani nakufurahia. Nilikuwa najicheka mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilitoka kwetu Kisii nikiwa na umri kama wako, nimemwacha mama kitandani na wadogo zangu wanne wakitegemea nitakachopata. Nilizunguka Kericho karibu mwezi mzima, nikikaa nje ya mageti ya mashamba makubwa pamoja na wengi wengine. Kila siku nyapara alichagua wenye mabega mapana, sisi wengine akatuambia turudi kesho. Ndipo nikasikia kwamba Merigi kuna mwenye duka, Arap Rono, anayetafuta msichana wa kumchumia mama yake chai na kukaa naye.

Arap Rono alinitazama juu hadi chini. "Huyu mama haoni, na Kiswahili hasikii hata kidogo," akasema. "Wewe unajua Kikipsigis?"

"Najua sana," nikamjibu.

Uongo mtupu. Nilijua chamgei ya kusalimia, kongoi ya kushukuru, na neno la kukubali. La kukataa sikulijua, wala sikuona litanifaa wapi. Mtu anayetafuta kazi atakataa nini?

Huyo mama niliambiwa nimwite Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mwembamba, macho yamefunikwa na utando mweupe, ila masikio yake yalikuwa makali kuliko yangu. Shamba lilianzia mlangoni pake likateremka mpaka mtoni. Kila asubuhi, nikiwa nimeshaingia kwenye chai na ukungu umenifunika, alitoka akasimama mlangoni akaita, "Chebet!" Nikadhani ndivyo anavyowaita wasichana wote wa kazi. Nikaitika. Kisha aliniuliza mambo mawili, yale yale, kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa, nami nikakubali yote mawili kwa uchangamfu. Akashusha pumzi, akarudi ndani. Nilijiona mjanja kweli.

Wanawake walioteremka mtoni kuteka maji walinisalimu siku za kwanza tu. Baada ya kunisikia nikiitika, wakaanza kupita njia nyingine. Watoto wakiniona walinyamaza. Nikasema moyoni, hawa watu hawapendi wageni. Na ndani ya nyumba Kogo akaanza kugawa vitu vyake. Kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, akampa jirani, blanketi lake zuri akalikunja akaliweka karibu na mlango. Uji akawa anaonja vijiko viwili, kisha kimoja. Nilipomsihi ale, alinipapasa uso akatabasamu.

Lugha nayo ilikuwa ikiniingia polepole. Jumapili nilikwenda kanisani, na huko Mama Esta, mjane mmoja mpole aliyejua Kiswahili, ndiye pekee aliyekubali kukaa nami benchi moja. Alinifundisha kusema maji, kuni, mto. Jumapili moja ya mvua akasugua viganja akanifundisha kusema baridi, nami nikarudi nikilikariri neno hilo njia nzima.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ile ninayoikumbuka. Ukungu ulikuwa mzito hata vidole vyangu sivioni vizuri. Kogo akaita Chebet, nikaitika. Akauliza, na maneno yakanifungukia moja baada ya jingine.

"Mto ulikuwa baridi?"

Mdomo wangu, kwa mazoea, ukakubali. Akauliza lile swali la pili, ambalo sikulielewa bado, na hilo nikalikubali kabla sijajizuia. Halafu nyuma yangu, chini kuelekea mtoni, nikasikia majani yakichumwa. Unaijua ile sauti ya mchumaji mwenye mkono mwepesi, ta, ta, ta. Niligeuka. Hapakuwa na mtu, na umande kwenye mistari ile haukuwa umeguswa.

Niliacha kikapu hapo hapo nikakimbilia kwa Mama Esta. Nilipomwigia maneno ya swali la pili, alikaa chini. Akaniambia kwamba Chebet alikuwa kitinda mimba wa Kogo. Mto ulimchukua siku ya mvua kubwa akiwa na kikapu cha chai mgongoni, na mwili haukupatikana. Swali la pili lilikuwa, "Leo ndiyo unakuja kunichukua?" Majirani wote walinisikia nikiitikia jina la marehemu na kumwahidi mama yake kifo, siku baada ya siku, kwa furaha. Walidhani najua ninachofanya. Arap Rono, aliyelala dukani kwake na kuja kumwona mama yake Jumamosi jioni tu, hakuwa amesikia lolote.

Nilimwomba Mama Esta anifundishe kukataa. Siku nzima ile niliogopa, mwanangu. Nilijua nikisema kweli kazi imekwisha, na nilimwona mama yangu kitandani na wadogo zangu wakiangalia njia. Lakini nilikiona pia kile kijiko kimoja cha uji.

Kesho yake Kogo alitoka amejifunika lile blanketi. Sikuingia kwenye chai. Nilisimama mbele yake nikamshika mikono, naye akaita "Chebet" mbele ya uso wangu.

"Achicha, Kogo," nikasema. Hapana. Kisha, kwa Kikipsigis changu kibovu, "Mimi si Chebet. Mimi ni Moraa, natoka Kisii. Nilitafuta kazi. Nilikubali nisichokielewa."

Nikangoja anifukuze. Alinipapasa uso tena, safari hii kama anayepima, halafu akaniuliza taratibu, akirudia mpaka nikaelewa:

"Na Jumapili, wewe ukiwa kanisani, nani alikuwa ananiitikia?"

Nilimsogelea zaidi. Tulisimama tumeshikana, tukilisikiliza shamba. Kisha akainua uso kuelekea mtoni, akapaza sauti mara moja tu, "Achicha!", akaniambia nimletee uji. Aliumaliza wote.

Aliishi miaka sita zaidi, na kazi sikuipoteza. Kikipsigis kilichobaki ni yeye aliyenifundisha, akianza na namna ya kusema sijui. Na kila Jumapili nilimshika mkono twende wote kanisani, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka abaki peke yake.

Basi, mwanangu, huko uendako usione haya kusema hujaelewa. Labda utakosa kazi moja au mbili, na utatafuta nyingine. Jifunze kukataa kabla ya kujifunza kukubali. Jina lako litamke mapema, wasumbue nalo mpaka walizoee. Na watu wakianza kukupita pembeni, kabla hujasema wanakuchukia, uliza wamesikia nini kinywani mwako.

Sogea nikutemee mate ya baraka kifuani, kama Kogo alivyonifanyia nilipoolewa. Mungu akutangulie, upate kazi, upate na mtu wa kukaa naye benchi moja. Na siku utakaporudi, nikisimama mlangoni hapa nikakuita, awe ni wewe utakayeniitikia.