Maktaba ya Madunguni

Mwalimu Mwamini akikataa jambo hapandishi sauti. Anaukaza mtandio wake, anakutazama usoni kana kwamba anakusikiliza, halafu anakwenda kufanya lile lile ulilomkataza. Ndivyo alivyo tangu utoto wake kule Mtunda, na ndivyo alivyomkuta Mwalimu Wilbrod, mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Salale. Masikini, hakujua amekabidhiwa mtu wa namna gani.

Shuleni hapo Mwamini anafundisha Kiswahili, na juu ya hapo ndiye mwalimu wa maktaba. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja kando ya ofisi, kilichokuwa stoo ya majembe mpaka wageni fulani kutoka Dar es Salaam walipoleta vitabu vya hadithi, maboksi kwa maboksi, vikashushwa kwenye boti vikiwa bado vinanukia upya wa dukani. Mwalimu mkuu alivipenda vitabu vile kama mama mwenye nyumba anavyopenda vikombe vyake vya kabatini: vionekane, visiguswe. Akaweka amri. Mwanafunzi asome humo humo chumbani, awe amenawa mikono, na kitabu kisivuke kizingiti.

"Hii ni mali ya shule," alisema. "Kikipotea kimoja, atakayejibu ni mimi."

Simlaumu sana. Kwao ni Bukoba, huku delta, kwenye matawi ya mto na mikoko, aliletwa na uhamisho, wala hakuficha kwamba maji yanamtisha. Ana viatu vyeusi anavyovipiga rangi kila asubuhi, na tangu siku aliyoshushwa gatini alikuwa hajakanyaga mtumbwi. Mtu wa hivyo hupenda vitu vikae kwenye rafu.

Ila huku kuna jambo lisilongoja amri ya ofisi. Mpunga ukianza kutoa masuke, kwelea kwelea wanashuka, na nyumba nzima inahamia shambani kukaa kwenye dungu, kile kibanda kilichosimama juu ya miguu ya miti, mpaka mavuno yaishe. Na anayekaa juu kutwa kuamia ndege ni nani? Mtoto. Anapiga debe, anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo. Darasani kwa Mwamini hubaki madawati. Msimu ukiisha watoto wanarudi, sauti zimewakauka na kusoma wamekusahau.

Mwamini aliyajua hayo kwa mwili wake. Akiwa darasa la nne aliamia mpunga wa babu yake msimu mzima, na kitu pekee cha kusoma alichokuwa nacho ni kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Alikisoma mpaka kikachanika kwenye mikunjo. Ilikuwa habari ya mtu aliyeibiwa ng'ombe, na mwisho wake uliandikwa ukurasa mwingine. Aliporudi shule akakaririshwa darasa, akachekwa, akalia kwa siri chooni. Lakini kilichomkaa rohoni zaidi ni wale ng'ombe. Mpaka leo hajui kama walipatikana, na mpaka leo jambo hilo linamuudhi.

Basi msimu ulipokaribia aliingia ofisini.

"Mkuu, watoto wanahamia mashambani. Naomba vitabu viende nao."

"Viende nao wapi?"

"Madunguni."

Mwalimu Wilbrod akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Mwalimu Mwamini, vitabu vipya kabisa, vikakae kwenye matope? Hapana. Narudia, hapana."

Mwamini akaukaza mtandio.

Jumamosi iliyofuata alikuwa mtoni, kafi mkononi, na mbele yake ndoo tupu za rangi walizoziacha mafundi waliopaka madarasa. Sasa hazikuwa tupu, zilijaa vitabu. Mfuniko wa ndoo ile ukiubana vizuri, maji hayaingii hata mtumbwi upinduke. Akapita shamba kwa shamba, na kila penye dungu akaita, mtoto akateremka, akachagua kitabu, akapanda nacho.

"Usome ufike mwisho," akawaambia wote. "Nitakuja kukuuliza mwisho wake."

Kwa muda mambo yakaenda sawa. Kisha ikaja Jumatatu ya Bibi Hajira.

Watoto waliobaki shuleni walikuwa mstarini, wimbo umekwisha, ndipo mama mtu mzima mmoja akaingia uwanjani, khanga imekazwa kiunoni, mkono mmoja kashika kitabu na mwingine kashika masuke ya mpunga yaliyobaki makapi. Nyuma yake alikuja mjukuu wake, Tatu, wa darasa la tano, kichwa chini.

"Mwalimu wa vitabu ndiye nani hapa?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, ingawa shikamoo yako hainijazi ghala. Huyu nimemweka juu aamie. Nimekwenda kutafuta kuni, narudi, ndege wamejaa shambani kama wamealikwa harusi, na mwenyewe kakunja miguu anacheka peke yake na hiki!" Akakiinua kitabu juu ili kila mtu akione. "Miye mpunga wangu waliwa, weye wampa mtoto hadithi. Nitapika hadithi?"

Watoto wakaangua kicheko. Tatu alitamani ardhi ipasuke. Mwamini naye aliungua uso, maana bibi alikuwa na haki. Alifikiria matope, mvua na panya, lakini hakufikiria kwamba mtoto anaweza kukolewa na hadithi mpaka ndege wakala chakula cha nyumba.

"Bibi, kosa ni langu," alisema. "Mpunga uliobaki nitakuja kuuamia mwenyewe."

Mwalimu mkuu hakungoja. Pale pale mbele ya mstari akatangaza kwamba Jumamosi wageni waliotoa vitabu wanakuja kuiona maktaba, kwa hiyo ifikapo Ijumaa kila kitabu kiwe kwenye rafu. Ufunguo atakabidhiwa yeye, chumba kifungwe mpaka mavuno yaishe, na baada ya hapo atatafutwa mwalimu mwingine wa maktaba. Mwamini alisikia kila neno. Kupokonywa kazi kulimuuma, lakini kilichompandisha hasira ni watoto wale kuachwa tena na debe peke yake, kama alivyoachwa yeye.

Alasiri hiyo, vipindi vilipoisha, akapiga kafi mpaka shambani kwa Bibi Hajira, akapanda dunguni, akaanza kazi. Nako kuamia si mchezo, hasa kwa mtu aliyezoea chaki. Akapiga kelele, akapiga debe, akapiga kelele tena. Ndege wanaruka huku, wanatua kule. Jua lilipoanza kulala koo lilikuwa linawaka, na Bibi Hajira, aliyekuwa akipalilia chini, hakumtazama hata kidogo.

"Tatu," Mwamini akasema, "kitabu kiko wapi?"

"Kipo, mwalimu. Ila bibi kakikataza."

"Ulikuwa unasoma kimya. Ndege hawajui kelele ni za debe au za kitabu. Lete."

Akafungua, akasimama, akaanza kusoma kwa sauti yake yote. Hadithi ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa na bwana mzuri, mpole, ambaye usiku hugeuka fisi. Kila sentensi aliitupa kama udongo wa kombeo. Kwelea kwelea wakainuka kundi zima, wakazunguka, wakaenda zao. Akaendelea. Mwanamke akaona nyayo za mnyama zikiingia chumbani. Mwanamke akachungulia chini ya kitanda. Hapo giza likaingia, maandishi hayaonekani tena, Mwamini akafunga kitabu.

Jembe la Bibi Hajira lilikuwa limesimama zamani.

"Mbona umenyamaza?"

"Jua limekwisha, bibi."

"Na yule mwanamke? Amelala humo humo na fisi?" Bibi akasonya. "Ningekuwa miye, panga ningelilaza chini ya mto."

Kesho yake alipofika, Bibi Hajira alikuwa amekwisha kupanda dunguni, na Tatu anasoma kwa kelele, mishipa ya shingo imemtoka. Kutoka shamba la jirani sauti ya kiume ikapaa: "Rudieni hapo pa chini ya kitanda! Upepo umekula maneno!" Mwamini akaelewa la kufanya. Akazunguka mashamba yote, dungu kwa dungu, na agizo moja tu: msisome kimya, pigeni kelele za kitabuni. Na kila siku baada ya vipindi akabeba ndoo nyingine, mpaka chumba cha shule hakikubakiwa hata na gamba la kitabu. Kufika Alhamisi delta ilikuwa inapiga kelele za fisi, za mabaharia, za binti wa fundi saa, kila shamba na hadithi yake. Mwamini mwenyewe sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Ijumaa akaingia ofisini, akauweka ufunguo mezani. Mwalimu Wilbrod alifurahi kuona mtu ametii. Akaenda kufungua. Rafu zilimtazama, nyeupe, tupu.

"Vitabu viko wapi?"

"Kazini," Mwamini akanong'ona. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa imebaki.

Maneno aliyofoka, nisiyaandike. Mwisho wake alichukua ndoo tupu mwenyewe, akaingia mtumbwini na viatu vyake vyeusi, akakamata kingo kwa mikono miwili, Mwamini akapiga kafi. Wakaanzia kwa Bibi Hajira, maana huyo si alilalamika mwenyewe? Huyo hatasumbua.

"Shikamoo, bibi. Nimefuata kitabu cha shule."

"Marahaba. Hakishuki."

"Bibi, si wewe uliyekikataa mstarini?"

"Nilikikataa kilipokuwa hakisemi. Sasa kinaniamia shamba, nami sijajua mwanamke wa watu amefanywaje." Akatazama juu. Tatu alikuwa amekwenda kuteka maji, dungu halina mtu, na kundi linakuja kutoka upande wa mikoko. "Haya, waja hao! Panda, baba. Si mwalimu weye?"

Mwalimu Wilbrod akapanda na matope yake. Akafungua penye kikunjo, akaanza kusoma kama mtu anayesoma tangazo la kikao.

"Kwa sauti!" Bibi akampigia kelele. "Ndege hawa hawakuogopi!"

Akapandisha. Ndege wakayumba, wakainuka. Akamaliza ukurasa, na wa pili akausoma bila kuambiwa. Mwamini, chini, alifurahi mpaka machozi, na furaha yake ilikuwa na ubaya kidogo ndani yake. Alistahili kuwa nayo.

Njiani kurudi ndoo zilikuwa tupu vile vile. "Hili halijaisha, Mwalimu Mwamini," mkuu akasema. Karibu na gati akakohoa. "Yule mwanamke. Anapona?"

Mwamini akaacha kafi, akamwinamia.

"Usome ufike mwisho," akanong'ona.

Jumamosi wageni walishuka kwenye boti na kamera zao, wakasalimiwa, wakanyweshwa madafu, wakauliza maktaba iko wapi. Mwamini alikuwa amekwisha kukaa mtumbwini, kafi mapajani, anangoja aone. Mwalimu Wilbrod akautazama mlango wa kile chumba. Kisha akainama, akavua viatu, akaelekea mtumbwini.