Mbuzi Wangu wa Utafiti

Ukitaka kuujua uchungu wa kusoma, usisomee udaktari. Somea tabia za wanyama, halafu rudi likizo kwenu, kijiji cha mbele ya Lagangabilili, ukawaeleze watu. "Unasomea nini, mayu?" Ndiyo mama hiyo, kwa Kisukuma. Tabia za wanyama. "Aa, dokta wa mifugo!" Hapana, si dokta, naangalia tu wanavyoishi, nani anamfuata nani, nani anamkimbia nani. Wananitazama. Kisha mmoja anasema ana ndama anaharisha tangu juzi, nije na sindano. Jamani! Kila likizo nilieleza, na kila likizo nililetewa mbwa mwenye vidonda.

Aliyenichosha kuliko wote ni baba, kwa sababu baba alijitahidi. Tukitoka kanisani Jumapili, wenzake wakimuuliza binti yake anasoma nini huko chuoni, alianza vizuri: "Anasomea wanyama." Wakimuuliza wanyama wafanyweje, alikwama, akanigeukia mimi nimalizie. Nikimaliza, wazee walitikisa vichwa kwa huruma, si kwangu, kwake. Mtoto wa jirani alikuwa anasomea uhasibu, na uhasibu hauhitaji maelezo.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake. Wenzangu walikwenda mbugani kutazama nyani. Mimi nilichagua mbuzi wa baba. Nilikuwa nimeona tangu utotoni kwamba zizi likifunguliwa asubuhi, mbuzi hawatoki ovyo. Kuna mmoja anatangulia, wengine wanamfuata, na akisimama wanasimama. Kwetu alikuwa jike mweusi mwenye baka jeupe shingoni. Nikampaka rangi ya bluu kwenye pembe, nikawa nakaa juu ya jiwe kila asubuhi na daftari, namtazama yeye.

Mhadhiri wangu alikuwa mama mmoja mkali, hacheki hata kwenye sherehe. Alisoma nilichoandika, akasema hakiamini. Inawezekana mbuzi wako wanatoka tu kwa njaa, akasema, na huyo mweusi ana njaa zaidi. Nitakuja nione kwa macho yangu. Nisipoona mtangulizi, unaanza upya na mada nyingine. Kuanza upya maana yake mwaka mzima mwingine chuoni, na baba mwaka mzima mwingine mlangoni mwa kanisa akitafuta maneno.

Siku ya ugeni nilidamka kwenda Lagangabilili kumpokea, maana dereva aliyetoka naye Bariadi hakuijua njia ya kwetu. Kabla sijapanda bodaboda nilimwambia baba, tena nikarudia: zizi lisifunguliwe mpaka tufike. Asiguswe mbuzi, asiswagwe mbuzi. Baba akasema, "Nimesikia, mayu. Mimi si mtoto."

Tulipofika, zizi lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Nikapumua. Baba alikuwa amevaa shati lake la Krismasi. Mama alikuwa jikoni, moshi unatoka, harufu ya nyama imejaa uani. Nikageuka kumwonyesha mhadhiri mahali pa kukaa, na hapo nikaiona ngozi. Imewambwa juani karibu na ghala la pamba, nyeusi, ina baka jeupe shingoni.

Sikumbuki nilivyomvuta baba nyuma ya nyumba. Nakumbuka nilivyonong'ona kwa hasira. "Baba, umefanya nini?"

"Sikufungua zizi," akasema. "Nilimpitisha juu ya ua."

"Kwa nini yule? Kwa nini usimchinje yule tasa mweupe?" Tulikuwa na mbuzi mmoja tasa, mnene, mvivu, wa mwisho kutoka kila siku, mtu yeyote mwenye akili zake angeanza na huyo. Hata mama, nilikuja kujua, alimwambia hivyohivyo.

Baba alinishangaa kweli. "Wewe si ndiye unamtazama yule mweusi kila siku? Unamwandika yeye tu, umempaka na rangi. Nikajua ndiye bora. Mwalimu wako atoke chuo kikuu mpaka hapa, nimchinjie tasa? Aende akawaambie wenzake kwamba wewe huna kwenu?"

Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumkumbatia, na sikuwa na muda hata wa kimoja. Mhadhiri alikuwa anauliza kule mbele, "Sasa, huyo mtangulizi ni yupi?"

Nikamwonyesha ngozi.

Aliitazama, akanitazama, akamtazama baba na shati lake la Krismasi. Nikasubiri aingie kwenye gari. Badala yake akasema, "Fungua zizi."

Nikafungua. Mungu wangu, hakuna aliyetoka. Walikuja wote mpaka langoni, wakasimama, shingo zimenyooka nje, wanatafuta. Mmoja akatoa mguu, akaurudisha. Nyuma wanasukumana, mbele wanakataa. Lango liko wazi, majani wanayaona, na njaa wanayo, maana jua lilikuwa limeshapanda. Baba aibu ikamzidi, mbuzi wake wanamwaibisha mbele ya mgeni. Akaingia kwa nyuma akawapiga fimbo, na wakatoka kwa fujo, kila mmoja na njia yake, wengine wakaishia kwenye choroko za mama.

Mhadhiri alikuwa anaandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akanawa mikono, akala wali na nyama, akaomba mchuzi zaidi. Alipomaliza akaniambia, "Hawa hawakukosa njaa. Wamekosa wa kumfuata. Lakini siku moja haitoshi. Nitarudi baada ya mwezi, nataka kuona nani atachukua nafasi yake. Akitokea, nitapitisha kazi yako. Na tafadhali, huyo awe hai."

Hayo ya mwisho baba hakuyasikia. Alisikia neno moja tu: nitarudi. Nikamwona uso ukimng'aa.

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kisukuma, nikachora na kijiti chini. Akaitikia yote. Baada ya siku chache akaja kusimama karibu na jiwe langu, mikono nyuma, ananitazama ninavyotazama. "Na sasa hivi," akauliza taratibu, "unamwandika yupi?"

Wakati huo nilikuwa nimeshamwona. Jike mdogo wa kahawia, sikio limechanika, alikuwa ameanza kutangulia, na wenzake wameanza kumfuata. Sikumpaka rangi. Niliacha hata kumtazama sawasawa, nilikuwa namwibia kwa pembe ya jicho. Nikanyoosha kidole kwa yule tasa mweupe.

"Yule?" Baba akampima kwa macho, akaridhika. "Mnono gete, mnono kweli."

Mhadhiri aliporudi, zizi lilifunguliwa, wa kahawia akatoka wa kwanza, wengine wakamfuata mpaka malishoni. Tasa tulimla mchana. Kazi yangu ilipita, na nikahitimu na wenzangu. Baba aliponipa mkono alininong'oneza, "Huyu wa pili alikuwa mtamu kuliko yule wa kwanza. Sasa nimeielewa elimu yako."

Nilicheka siku ile. Sicheki sasa. Mlangoni mwa kanisa baba hakwami tena hata kidogo: binti yangu, anawaambia, amesomea kumjua mbuzi mtamu kwa kumtazama tu. Na wazee wanaitikia, kwa sababu hiyo ni elimu inayoeleweka. Juzi amekuja mtu kutoka Ipililo, ana harusi, anaomba nikamchagulie. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba mimi si fundi wa nyama, mimi nimesomea tabia za wanyama. Baba alikuwa amesimama kando, ananiangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani pale mlangoni.

Nikavaa viatu, nikaenda. Nilikaa nje ya zizi lao mpaka lilipofunguliwa, nikamchagua mmoja aliyetoka nyuma kabisa, asiyefuatwa na yeyote. Nasikia alikuwa mtamu sana.