Kiti Chenye Waya

Majuzi nilirudi Koboko kumsalimia jirani yetu wa zamani, mama aliyekuwa akikaanga karanga ng'ambo ya ua wetu. Alinikaribisha ndani, akaenda kuweka chai. Nikainua macho. Ukutani palikuwa na picha yake, amekaa wima, mikono juu ya magoti, viatu vyote viwili vinaonekana. Sikumtazama yeye sana. Nilitazama kiti. Mkono wa kushoto wa kiti hicho ulikuwa umefungwa waya. Kilikuwa kiti cha bibi yangu.

Rafiki, ngoja nikueleze polepole, maana mimi si mwepesi wa kuandika.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, kando ya barabara iendayo mpakani Oraba. Malori ya mpakani yalipita tangu alfajiri, vikombe vikatetemeka kichanjani. Kazi yangu ilikuwa kufagia ua na kusaga simsim, yaani ufuta, kwenye jiwe. Tuliichanganya na majani ya kunde, tukala na ugali mweusi wa muhogo na mtama. Hata leo nikipita sokoni Arua, harufu ya simsim ikinipata, miguu yangu inasimama yenyewe.

Mjomba, mtoto pekee wa kiume wa bibi, alikuwa mpiga picha wa magazeti. Alianza akiwa mwanafunzi Ediofe, akipiga picha za watoto wa kipaimara nje ya kanisa kuu. Baadaye akaenda mbali: vita, mafuriko, mechi za mpira, marais wakiapishwa. Magazeti ya nchi ambazo sisi tulizisikia redioni tu yalimtuma. Lakini kila safari ilipokwisha alirudi, akakaa chini na kula nasi kwenye sinia moja.

Alikuwa na sharti lake la kazi: hampangi mtu. Hakuwahi kumwambia yeyote akae hapa au atazame huku. Bibi naye alipigwa picha hivyo hivyo, akipepeta mtama, akipuliza moto, ameinama kwenye jiwe la kusagia.

"Picha ya mgongo nitafanya nayo nini?" bibi alimuuliza. "Siku ya kuzika mimi, watu watabeba mgongo?"

Kwetu mtu akifa, picha yake hutangulia mbele ya jeneza, kisha huwekwa nyumbani ili wajukuu wamjue. Bibi alitaka picha hiyo tu. Amekaa kwenye kiti chake, macho mbele.

"Mama, mimi napiga kitu vile iko," mjomba alijibu.

"Hata nikikaa, mimi iko."

Jirani alisikia akiwa kwenye karanga zake. "Watu ya vita unapiga. Watu ya mpira unapiga. Mama yako tu ndio hapana mutu?"

Mjomba alicheka. Bibi hakucheka.

Mwishowe mjomba alikubali. Asubuhi ile bibi alioga mapema, akavaa kitenge cha buluu alichokuwa amekitunza ndani ya sanduku la bati pamoja na kipande cha sabuni ili kinukie. Nilimpaka mafuta miguuni. Kiti tulikiweka mbele ya nyumba, na bibi akakaa, akanyamaza kama yuko kanisani. Mjomba alikuwa bado anafuta kamera wakati simu ilipolia. Watu walikuwa wanavuka kutoka Kaya, ng'ambo ya mpaka, wengi, wakikimbia risasi.

"Mama, narudi jioni."

"Enda," bibi alisema. "Hao hapana weza kungoja."

Alipanda bodaboda, akaenda Oraba. Siku hiyo alipiga picha ya mwanamke amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, mlango tu, nyumba imebaki nyuma. Picha hiyo ilizunguka dunia. Jioni hakurudi, gazeti lilimtuma ng'ambo ya mpaka, na kutoka huko nchi nyingine. Bibi alikaa kitini mpaka jua likaingia usoni mwake. Kisha akavua kitenge, akakikunja, akakirudisha sandukuni.

Alifariki msimu wa mvua, mjomba akiwa mbali. Aliporudi alitafuta uso wa bibi kwenye picha zake zote. Alipata mikono, moshi, mgongo, shavu moja. Ikabidi twende studio ya Arua kukuza ile picha ndogo ya kitambulisho. Ilitoka na rangi ya majivu, masikio yamekatwa. Mjomba aliibeba mwenyewe mbele ya jeneza, ameishika kwa mikono miwili, na hakuinua kichwa mpaka kaburini.

Baada ya mazishi alitoa kiti cha bibi nje, akakiweka pale pale. Akamwita jirani.

"Kaa, mama."

"Mimi? Na kitambaa hii ya jikoni?"

"Enda uvae. Nangoja."

Alingoja. Siku zilizofuata wamama wengine walikuja, na wazee, wamevaa nguo za kanisani. Kila aliporudi kutoka safarini alikitoa kiti kwanza, kabla ya kula.

Sasa ua wetu umekuwa maegesho ya malori. Jiwe la kusagia sijui limekwenda wapi. Kiti kililiwa na mchwa, na mjomba haji tena mara nyingi, magoti yanamsumbua.

Jirani alirudi na chai, akaona ninapotazama. "Kiti ya bibi yako ilikuwa nzuri," alisema. "Haikuumiza mgongo."

Nilipotoka nilisalimia nyumba nyingine za barabara ile. Karibu kila sebule nilikikuta pichani, ukutani, na waya wake. Kila mara kuna mtu amekikalia, ametulia, macho mbele. Kila mara si bibi.