Njiwa Aliyetolewa kwenye Mavuno

Nakumbuka siku moja ya mavuno, Jumapili yenye baridi kali hapa Butembo, nilipotoka jikoni nikamkuta baba akimfunga njiwa wangu miguu kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, la ushemasi, na hakuniangalia usoni. Mwanangu, wewe ambaye juzi tu umeanza kuitwa baba, sogea hapa nikusimulie. Nimekuwa nikikutazama na binti yako, na kuna jambo nataka ulijue mapema.

Yule njiwa nilikuwa nimemlea kwa mdomo wangu. Sisemi kwa mafumbo. Paka alimkamata mama yake kwenye kibanda chetu cha njiwa, nyuma ya nyumba, na dume naye akahamia paa la jirani kutafuta mke mwingine, kama mabwana fulani ninaowajua. Kinda likabaki peke yake, lina vinyweleo vya manjano na mdomo mkubwa kuliko uso. Wote nyumbani walisema halitafika asubuhi. Ni koko tu, mama yake baba, aliyeniita kando na kunifundisha. Nilitafuna mahindi ya kuchemsha mpaka yakawa uji, kisha nikaliacha kinda lichomeke mdomo wake kati ya midomo yangu, maana kinda la njiwa halijui kudonoa, linatafuta koo la mzazi. Likishiba, kifuko cha shingoni kinavimba, nawe unaacha. Ukikuta asubuhi bado ni kigumu, unasubiri, hata likilia namna gani.

Baridi ya kwetu unaijua. Watu wengi hulaza makinda karibu na moto, na moshi unayamaliza. Koko alikataa. Basi nikalilaza ndani ya kapu lenye matambara, karibu na kichwa changu, na kila nikishtuka usingizini naweka kidole nisikie kama linapumua. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nadhani ndipo nilipoanza kuwa mama.

Likaota manyoya. Likawa njiwa mzuri, mweusi mwenye shingo ya kijani. Siku aliyoruka kutoka kibandani mpaka juu ya paa la jikoni, nilipiga makofi hadi koko akatoka na mwiko mkononi. Baadaye alizoea kuzunguka juu ya mtaa mzima, ila nikitikisa kopo la mahindi alishuka begani kwangu.

Sasa mwaka ule mvua iliozesha maharagwe ya baba kule Musienene. Sikukuu ya mavuno ikafika na hakuwa na zao la kupeleka kanisani, naye ni shemasi, anakaa benchi la mbele. Nisikufiche, alikuwa mtu mwema. Lakini aibu ilimshika, akaangalia uani, akampita jogoo wake, akaona njiwa. Hakuniuliza. Miaka ile mtoto hakuulizwa, na mtoto wa kike ndiyo kabisa.

Unajua tunavyofanya baada ya ibada: matoleo yote yanauzwa kwa mnada, kuku, ndizi, viazi. Njiwa wangu alinunuliwa na mama mmoja, mgeni siku hiyo, mke wa mwanajeshi aliyekuwa amepangwa kazi Beni. Akaondoka naye kwenye kapu. Watu waliimba, na mimi niliimba pia, huku machozi yananiingia mdomoni. Nyumbani sikuweza kula.

Wiki haikuisha. Jioni moja nilisikia mabawa juu ya kibanda, nikatazama, na ni yeye, amechoka, mdomo wazi. Ametoka Beni mpaka huku kwenye milima. Nilimkumbatia. Baba akatoka nje, akasimama.

“Kesho atarudi,” alisema. “Kitu ya Mungu, hapana kuchezea.”

Koko alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Alimuuliza baba bila kuinua kichwa.

“Muhindo, ile njiwa ilikuwa ya nani?”

“Ya nyumba, mama.”

“Hapana. Miye niliona mwenye alikuwa anaitafunia mahindi. Wewe ulimupa Mungu kitu ya mutoto, na haukumuuliza. Hata kama uko shemasi, ile hapana sadaka.”

Sikuwahi kuona mtu akimwambia baba maneno kama hayo, na niliogopa kwa ajili ya baba mwenyewe kuliko nilivyoogopa kwa ajili ya njiwa. Aliingia ndani.

Asubuhi alimkamata jogoo wake, yule aliyekuwa akijivunia mtaani, akaniambia nimbebe njiwa kwenye kapu. Tulipanda lori la mizigo mpaka Beni, joto likizidi kadiri tulivyoshuka milimani. Nilijua nampeleka njiwa wangu kwa mwenyewe.

Yule mama alitufungulia, akaona kapu, akacheka.

“Nilifungua tu batoto baione, ikapanda juu, ikaenda. Miye pia, kama nilikuwa na mabawa, ningekuwa nimerudi kwetu Mbandaka kitambo.”

“Mama,” baba alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, “hii njiwa haikuwa yangu. Ni ya huyu mutoto. Niliitoa bila kumuuliza. Nimekuletea jogoo, kama utakubali. Kama unakataa, njiwa ni yako.”

Mama yule aliinama mbele yangu.

“Na wewe, unataka nini?”

Mwanangu, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nililikumbatia tu kapu. Akachukua jogoo, akatupa maji ya kunywa.

Tulipokuwa tukingoja lori la kurudi, baba alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. “Kavira,” aliniita, “nilichukua kitu yako. Unisamehe.” Nimesikia mahubiri mengi juu ya toba tangu siku ile. Maneno yale ya baba ndiyo niliyoyaamini. Na kuanzia hapo, hata nilipokosa vibaya, sikuwahi kumficha baba kitu.

Basi shika hili. Kitu ambacho mtoto amekilea, hata kama kiko chini ya paa lako, muulize kabla hujakigusa. Siku utakayomkosea, maana utamkosea, usimnunulie pipi ukadhani yameisha. Chuchumaa, mwite jina lake, taja kosa lenyewe, umwombe radhi. Heshima yako haitapungua.

Mungu akulainishie magoti, mwanangu, uweze kuinama mbele ya walio wadogo kwako kama unavyoinama mbele zake. Na binti yako akikua, awe na hamu ya kurudi kwako.