Kufuli Jekundu la Oswadi

Nakumbuka mvua ya mchana mmoja, mwanangu, ile mvua ya Ufipa inayokuja na baridi yake, ikipiga bati mpaka mtu wa karibu inabidi umsogelee sikioni. Nilikuwa kijana kama wewe. Nilifanya kazi kwenye mgodi mdogo wa makaa ya mawe, safari ya basi kutoka Sumbawanga mjini, ndani ya nyumba ya winchi. Winchi ilivuta mabehewa ya makaa kutoka chini, nayo iliendeshwa na mota kubwa ya umeme wa DC, ya zamani, ndefu kuliko kitanda, nusu yake imekaa ndani ya shimo la zege. Nilifagia vumbi jeusi la brashi zake za kaboni, nikatia grisi, nikawachemshia mafundi chai. Shule niliiacha darasa la sita wazazi wetu walipofariki, kwa sababu mimi nilikuwa wa kwanza, na nyuma yangu walikuwapo Oswadi na Agnesi.

Nikueleze kidogo habari ya nyumba yetu, maana bila hiyo hutanielewa. Pale Mazwi, mtaa wetu wa Sumbawanga mjini, tuliishi watoto watupu. Mlango, sanduku la nguo, baiskeli, banda la kuku, kila chenye kufuli, ufunguo wa pili nilikaa nao mimi, kwenye kamba shingoni. Agnesi alikuwa akinitania, "Dada, ukitembea unalia kama mbuzi mwenye kengele." Ndivyo nilivyowalea. Basi Oswadi alipomaliza chuo cha ufundi, akaajiriwa fundi umeme palepale mgodini na kupewa kufuli jekundu la kazi, ufunguo wa pili akaniletea bila kuulizwa. Nikaufunga pamoja na ule wa banda la kuku.

Kufuli lile halikuwa la kuzuia wezi. Fundi akitaka kushika nyaya, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake ili mtu yeyote asiweze kuiwasha, na ufunguo anakaa nao mwenyewe mpaka amalize. Siku ile ya mvua Oswadi alikuwa amelifunga tangu asubuhi, winchi ikasimama.

Mchana mvua ikazidi. Mtaro wa nje ukaziba, maji yakaanza kuingia kwenye shimo la mota. Pampu ya kuyatoa ilikuwapo, lakini umeme wake ulipitia swichi ileile iliyofungwa. Tukashika ndoo. Tulichota, na maji yalipanda.

"Oswadi yuko wapi?" akapiga kelele Faustini, mkuu wa zamu.

Mtu mmoja akasema amemwona akipanda bodaboda kwenda msibani. Kweli, kijijini pale kulikuwa na msiba, na kwetu msiba ukitokea mtu huweka chini alichoshika akaenda, hakuna anayemuuliza. Tukaamini. Nikapiga simu yake. Ikaita ndani ya koti lake, lililotundikwa mlangoni.

Nikavuta kamba shingoni. "Ufunguo ninao!" nikasema, tena kwa furaha kabisa.

Mzee Desideri, fundi mkuu wetu, akaja akasimama mbele ya swichi.

"Huo si wako, Skola."

"Mzee, ni wa mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Najua umemlea. Umemwona kwa macho yako akitoka?"

"Wenzetu wamemwona."

"Baridi hii, mvua hii, Oswadi aende msibani na shati?" Akanionyesha lile koti. "Atafutwe kwanza."

Faustini akashika kichwa. "Mzee, mota hii ikioga leo, kesho sote tunakwenda kulima ulezi!"

"Utalima, Faustini. Na jembe utalishika kwa mikono miwili. Nenda kamtafute kijana."

Faustini akatoka anakimbia. Mimi nilibaki na ufunguo mkononi, nikiangalia maji yanagusa tumbo la mota. Mota ile ndiyo ilikuwa ugali wetu, mwanangu. Ikifa, tunarudi Mazwi mikono mitupu. Nilimwambia yule mzee maneno ambayo binti hamwambii mtu wa umri ule. Hakusogea pale mbele ya swichi.

Faustini alimkuta juu mlimani, karibu na nyumba ya jenereta, ndani ya handaki la nyaya. Alipoinua mfuniko wa chuma, Oswadi alikuwa amelala kifudifudi, tochi kaibana kwa meno, nyaya zilizo wazi mikononi. Handaki lilikuwa jembamba, ndiyo maana koti aliliacha. Mvua juu ya mfuniko ilikuwa imemziba masikio. Akamtazama Faustini, akasema, "Vipi, chai imeiva?"

Faustini alipotueleza, niliigeuza ndoo nikaikalia. Zile nyaya ndizo zilizotoka kwenye swichi niliyotaka kuiwasha.

Oswadi alifunika kwanza alichokiacha wazi, akafika ametapakaa matope, akafungua kufuli lake mwenyewe. Pampu ikaanza, lakini maji yalishaifunika mota nusu. Shimo lilipokauka, Faustini alitaka tuipanguse tu tuiwashe. Mzee akakataa tena. Alisema koili, zile nyaya zilizosukwa ndani yake, zimekunywa maji, na ukizipa umeme hivyo zitaungua zote. Tulizikausha polepole kwa taa za joto, akapima, bado vibaya. Mota ikapakiwa kwenye lori kwenda mbali kusukwa upya kwa nyaya mpya, na sisi tukakaa nyumbani msimu mzima wa mvua. Faustini alilima ulezi kweli, na alitucheka sote kwa kulima kwetu vibaya.

Lakini kabla hatujaondoka, Mzee Desideri aliniita, akanimiminia chai kwa mkono wake. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Mota nitaitafutia fundi wa kuisuka, Skola. Wewe una fundi wa kumsuka Oswadi?" Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Umezoea kuwafungulia wadogo zako kila mlango, na Mungu ameona. Huu mmoja mwachie mwenyewe."

Nikamrudishia Oswadi ufunguo. Akaubana kwenye jiliwa la mezani, akaukata kwa msumeno vipande viwili. Hakuniambia neno la kuniumiza, siku ile wala baadaye. Leo ana wajukuu.

Basi, mwanangu unayekwenda kuanza kazi, nakuambia wazi. Funga swichi kwa kufuli lako, na kufuli liwe na ufunguo mmoja, mfukoni mwako. Usimpe rafiki, usimpe hata dada aliyekulea. Ukishafunga, jaribu kuwasha, kisha pima kama umeme umekatika kweli, ndipo uguse. Kufuli la mwenzako usilifungue kwa sababu umeambiwa katoka. Mtafute mpaka umwone. Mashine ikiharibika mbele yako huku unamtafuta mtu, iache iharibike. Wakikuita mwoga, waitikie, uendelee kutafuta.

Mungu aibariki mikono yako na wale unaofanya nao kazi. Akupe mkubwa wa kukukataza, na moyo wa kumsamehe siku hiyohiyo. Nenda salama, na jioni uwakute wa kwenu wakikungoja mezani, nawe uingie mzima, ukilalamika njaa.