Picha ya Mdogo Wangu Kwenye Skrini Iliyovutika

Mdogo wangu alipofariki, mjane wake aliniomba jambo moja tu. Tulikuwa nyumbani kwake Siakago, wanawake wakichambua ndengu uani, akanipa picha ya mumewe iliyopigwa kabla ya ugonjwa, mashavu yamejaa, kola imembana shingo.

"Shemeji, weka hii kwa programu ya mazishi. Watu walimwona akiisha. Nataka waende nyumbani na huyu."

Kwetu programu ya mazishi, kile kijitabu cha picha na maisha ya marehemu, haitupwi. Hukaa kabatini pamoja na vyeti vya shule, na watoto wasiomjua marehemu humjulia humo. Za ukoo wetu nilizitayarisha mimi, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na nina kompyuta. Binti yangu aliniachia yake ya zamani, yenye mfumo wa Linux, nami nikaiunganisha na skrini kubwa kwa ajili ya macho yangu.

Hata hivyo herufi zilikuwa ndogo kama siafu. Badala ya kuuliza, niliingia kwenye mipangilio nikashusha resolusheni, yaani idadi ya nukta za skrini, mpaka zikanenepa. Nilijisifu. Kila kitu kilivutika kwa upana, duara likawa yai, lakini nilizoea.

Nilipoifungua picha, mdogo wangu alikuwa mpana kama mlango. Nikampigia binti yangu.

"Baba, umeshusha resolusheni?"

"Nimeiweka pale ninapoona."

"Basi irudishe juu kabisa, halafu uongeze skeli, vitu vyote vikue sawasawa. Na usiguse picha ya anko kabla hujarudisha. Picha haina shida, ni skrini inadanganya."

Nilitii, nikaweka skeli asilimia mia mbili. Dirisha likavimba, sehemu yake ya chini ikatoka nje ya skrini pamoja na kitufe cha kuhifadhi. Nikampigia tena, sasa kwa hasira.

"Mia mbili ni nyingi, Baba. Ama wacha skeli, kuza maandishi peke yake. Iko pale chini ya..."

"Wewe kompyuta umeiona juzi. Uso wa ndugu yangu niliujua kabla hujazaliwa."

"Sawa, Baba. Wewe ndiye mzee."

Nikairudisha resolusheni yangu ya chini, na skeli pale ilipokuwa mwanzo. Kisha nikaibana picha kutoka pande mbili, kidogo kidogo, mpaka akawa yeye. Kwenye skrini ile alikuwa yeye kabisa. Nikatuma faili kwa mchapaji wa Embu, na siku ya mazishi katoni ikaletwa moja kwa moja hadi hemani. Programu ziligawiwa kabla sijaiona hata moja.

Uso ulikuwa mrefu, mashavu yamezama, shingo kama ya kuku. Nyuma yangu mama mmoja alinong'ona, "Kumbe alikuwa amekwisha hivi, na walitunyamazia!"

"Shh, huyo mbele ni ndugu yake."

Mjane aliitazama programu, akaikunja mara mbili.

"Umenirudishia yule wa hospitali, shemeji."

Nilimwambia ni kosa la mchapaji. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama kando ya jeneza, na mchapaji hakuwepo kujitetea.

Baada ya matanga nilirudisha resolusheni juu, nikaacha skeli ilivyokuwa, nikakuza maandishi peke yake. Chai yangu ilikuwa bado moto nilipomaliza. Herufi zilisomeka vizuri, na duara likawa duara. Nikachapisha ile picha ilivyokuwa tangu mwanzo, nikampelekea shemeji yangu, na hapo nikamweleza kwamba mchapaji hakukosa. Nilikosa mimi, na nilikuwa nimeonywa.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akaishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama, halafu akanirudishia.

"Huyu ndiye. Sasa utampeleka kwa nyumba ngapi, shemeji?"